Mtoto wa Meza

Meza yangu ya darasa la tatu ina mtoto,
nami nilimlisha muhula mzima
vitu vya watoto wa wenzangu.
Nilimlisha gololi kumi na saba,
mpira wa mifuko uliokazwa kwa uzi wa katani,
blada ndefu ya mpira wa baiskeli,
gari la waya lililovuliwa magurudumu,
na mkebe wenye masizi, uliopikiwa kalongolongo,
ndani yake bado mna ugali wa udongo.
Mtoto akavimba tumbo,
akawa hafungiki ila kwa goti.

Hapa ni shule, nilisema.
Nilisema kila siku, mpaka neno lenyewe
likaingia vumbi, kama kila kitu Kaptembwa
mwezi wa pili.

Lusweti hakujua saba mara nne.
Jumatatu nilimwita ubaoni, akatazama viatu.
Jumanne nikamwita, akatazama viatu,
na kidole gumba cha kulia
kikachungulia kunitazama mimi.
Jumatano nikaandika kwa wino mwekundu:
Hesabu, dhaifu.

Alhamisi nilikwenda na ndoo kwenye tangi.
Nyuma ya tangi, sauti:
“Cherotich, sikiza. Saba za juzi, saba za jana,
saba ulizomkopea Mumo,
na saba za leo asubuhi kabla ya gwaride.
Ishirini na nane.
Ukinilipa tisa, zinabaki kumi na tisa.
Nne nakusamehe, kwa ule uji.
Kumi na tano. Hata Mumo ni shahidi.”

Hakutazama viatu.
Viatu vilikuwa kando, vimeketi pamoja,
vinangoja kuitwa ubaoni.

Ndoo ilijaa, ikamwagika, ikanilowesha miguu.
Nami nikakumbuka.
Nilishushwa mji huu nina miaka sita,
natoka Nyakach na Kijaluo kitupu mdomoni.
Nani alinipa Kiswahili?
Ni uwanja wa Bondeni, mchezo wa kati,
wasichana wawili wakirusha, mimi katikati nikikwepa,
na sentensi yangu ya kwanza, niliyoipigia kelele:
“Mpira hajanigusa!”
Ngeli ilivunjika vipande viwili.
Hakuna aliyenicheka. Walibishana tu
kama kweli hajanigusa,
wakanirudisha kati.
Mwalimu alikuja kuirekebisha baadaye, miaka baadaye,
na mimi ndani yangu, mpaka leo,
mpira bado ni mtu.

Basi nikarudi darasani, nikamvuta mtoto wa meza.
Akapiga ukelele wa kutu.
Nikabeba gololi kwenye upindo wa sketi
hadi nyuma ya tangi. Walisimama wote.
Mikono ikaenda mgongoni, kama kwa askari.
Nikarudisha kila moja kwa mwenyewe
(walizijua kwa nyufa zake, kwa rangi ya moyo wake),
kisha nikasema, nikiona aibu:
“Nikopesheni saba.”

Lusweti alinitazama, kwa muda mrefu.
“Mwalimu, uko juu sana. Shuka.”
Nikapiga magoti.
“Usisukume. Fyatua.”
Nikafyatua. Ikaenda njia ya choo.
Palikuwa na kimya, kisha kicheko,
kicheko kilichompeperusha njiwa juu ya tangi.
Yeye hakucheka.
Hakuandika dhaifu.
Alikishika kidole changu gumba, akakikunja upya
jinsi mtu anavyomvisha mtoto kifungo,
akasema, “Tena.”

Nikakopa tena. Na tena.

Mwalimu mkuu aliniuliza baadaye
magoti yangu yametoka wapi na vumbi hilo.
Nikamjibu: kazini.
Mtoto wa meza siku hizi ana njaa. Ukimvuta,
kalamu nyekundu hubingirika peke yake
kutoka pembe hadi pembe.

Lakini hayo ni ya baadaye.
Siku ile kengele ilipolia
Lusweti alivaa viatu taratibu, kimoja, kingine,
akafunga kamba, akainua uso.
“Saba mara tatu, Mwalimu,” akasema.
“Kesho usisahau.”